Mwalimu wa Kemia na Mifupa ya Buluu

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amesimama kando ya barabara ya vumbi inayoteremka kutoka Nyansiongo, mkoba mweusi begani, analamba jiwe. Hakuwa anajificha. Alililamba upande mmoja, akaligeuza juani, akalitazama kwa jicho moja, kisha akalitupa mtaroni. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nishuke garini na sanduku langu, mwalimu mpya wa Kiswahili niliyetoka Taita, sijui mtu hata mmoja. Nikasema moyoni: makubwa, nimeletwa mahali ambapo watu wanalamba mawe.

"Jiwe kavu halitoi rangi yake," aliniambia, kabla hata ya salamu. "Ukililowesha, linasema. Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili?"

"Ndiye mimi, mama."

"Karibu sana. Maji ya kunywa chota kisima cha juu. Kile cha chini kinapendeza, lakini usikiamini."

Akalishika sanduku langu upande mmoja, nami nikashika upande wa pili, tukapanda kilima hadi shuleni. Nyumba zetu zilikuwa zimegawana ukuta mmoja. Niliishi jirani naye mwanzoni mwa miaka ya tisini, na jina lake sitalitaja hapa. Hata yeye hakulipenda. Wanafunzi walimwita Madam, wazazi walimwita Mwalimu, na mimi nilimwita Mwalimu pia, ingawa tulikuwa walimu sote wawili na yeye aliniita vivyo hivyo. Mgeni akiingia ukumbini mwetu angedhani tunataniana.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyekaribia kustaafu, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa ingawa hakuwahi kuchelewa. Alifundisha kemia. Koti lake la maabara lilikuwa na matundu madogo madogo ya asidi kifuani, na kila tundu alilijua lilitokana na mwanafunzi gani. "Hili ni la daktari mmoja wa Kisumu," alikuwa akisema huku akiligusa. "Na hili ni la mchungaji. Alikuwa mtundu huyo!"

Neno aliloshindwa kulivumilia ni "nafikiri." Mwanafunzi akisema anafikiri mmumunyo umegeuka waridi, aliulizwa, "Umeona au umefikiri?" Na swali hilo halikuishia darasani. Siku moja naibu wa mkuu wa shule aliingia chumba cha walimu akiwa amefura, akasema anafikiri wavulana wa bweni wameiba sukari ya stoo, na kwamba atawachapa wote. Mwalimu akaweka kikombe chake chini.

"Umeona?"

"Sijaona, lakini gunia limebaki nusu!"

"Twende tukaone."

Tulikwenda wote, maana hakuna aliyetaka kukosa. Alilinusa gunia, akalishika chini, akainua kichwa kutazama dari. Bati lilikuwa na tundu. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imedondoka pale, sukari ikayeyuka na kupotelea kwenye ufa wa sakafu, na nje ya ukuta sisimizi walikuwa wamejipanga kama watu wa mkutano wa hadhara. Naibu alicheka mwenyewe mpaka akashika ukuta. Wavulana hawakujua kamwe walivyonusurika.

Kusifu watu alikuwa mgumu. "Si mbaya" ndilo tuzo lake la juu kabisa, na niliwahi kumwona msichana wa kidato cha nne akilia kwa furaha kwa sababu ya maneno hayo mawili. Lakini mwanafunzi akiugua, yeye ndiye aliyempelekea uji. Uji wenyewe ulikuwa mbaya. Mwalimu hakujua kupika. Alisahau sufuria jikoni akiwaza mambo yake, na mara nyingi nilisikia kupitia ukuta wetu akiongea na ugali ulioungua, akiulaumu. Chai tu ndiyo alijua kuipika. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi nyuma ya nyumba, na chai yake ya maziwa ilikuwa nzito, yenye harufu ya moshi kidogo, na baada ya vikombe viwili huhitaji chakula cha mchana.

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama alifunga maabara, na Jumamosi nzima hakuwasha jiko. Lakini baada ya ibada alivaa gambuti akashuka mabondeni kuokota mawe, akiwa bado na gauni lake la kanisani. Wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza kama hiyo si kazi.

"Sabato ni ya kutazama alichoumba Mungu," aliwajibu. "Ninyi mnatazama milima kwa mbali. Mimi natazama vipande."

Walimwacha. Nafikiri walichoka. Nasema "nafikiri" kwa sababu hayupo hapa kunikatiza.

Na mtu huyu wa ushahidi, asiyekubali neno bila kuona kwa macho, alikuwa na jambo moja lililonishangaza. Akikata kucha alizikusanya zote, hadi ya mwisho, akazifunga kwenye karatasi na kwenda kuzitupa chooni mwenyewe. Nywele pia. Siku nilipomkuta akitafuta kipande cha ukucha kilichoruka chini ya kiti, nilishindwa kujizuia.

"Mwalimu! Hata wewe?"

Hakuona haya. "Kemia ni kemia," alisema akiwa amepiga magoti, "na kucha ni kucha. Bibi yangu aliniambia nisiziache ovyo, na hakuna aliyewahi kunithibitishia kwamba alikosea. Inua mguu."

Nikainua mguu.

Nasimulia hayo ili ieleweke kwamba hakuwa mtu wa kuwacheka wenye hofu. Aliijua hofu kwa ndani. Na ndiyo maana, yalipotokea mambo ya mifupa bondeni, watu walimsikiliza yeye kuliko walivyomsikiliza mtu mwingine yeyote.

Chini ya shule kulikuwa na kinamasi. Zamani, ardhi ile yote ilikuwa shamba la mzungu, malisho na mahindi, kabla ya kugawiwa wananchi. Upande wa pili wa kinamasi aliishi mjane mzee, ambaye kila mtu alimwita Magokoro, yaani bibi. Alikuwa akituletea ndizi na mboga kwenye ua wa shule, mdomo wake haupumziki, mwenye maneno makali na moyo mzuri. Watoto wake walikuwa mbali, mmoja Nairobi, mwingine alikuwa ameolewa Nyamarambe. Aliishi peke yake na mbuzi wake.

Kiangazi kimoja, kinamasi kilipopungua maji, vijana walishuka kuchimba udongo wa kufyatulia matofali. Kiongozi wao alikuwa Ombati, baba wa watoto wadogo, mchapakazi, mwenye sauti kubwa. Asubuhi moja Magokoro aliona wamevuka mpaka wake. Akasimama ukingoni mwa shimo, akawanyoshea fimbo na kuwagombeza kama alivyozoea kugombeza kila mtu. Wakati huohuo majembe yao yalikuwa yakitoa mifupa kwenye tope jeusi, mifupa iliyopakwa kitu cheupe kama unga uliokandwa. Wakairundika ukingoni. Bibi akaendelea kugombeza. Na mifupa ile, mbele ya macho yao, juani, ikaanza kugeuka rangi. Ikawa kijani cha mbali, kisha buluu. Buluu kama sare ya shule.

Waliacha majembe wakakimbia.

Usiku ule mtoto wa Ombati alishikwa na homa kali, akapelekwa hospitali. Ikatosha. Ikasemwa kwamba Magokoro ni mrogi, kwamba kinamasi ni makaburi ya watu aliowamaliza, na kwamba ile fimbo ndiyo iliyoamsha mifupa. Miaka ile tulikuwa tukisikia habari za nyumba za wazee kuchomwa moto, wenyewe wakiwa ndani. Halikuwa jambo la kufikirika. Sisi tulizipata habari hizi kwa mpishi wa shule, aliyekuja mbio chumba cha walimu, aproni ikiwa bado mwilini.

"Wanasema kesho mchana watamaliza mambo," alisema. "Na vijana wengine wanaongea juu ya petroli."

Mwalimu alimtazama.

"Hiyo mifupa umeiona wewe?"

"Hapana, Mwalimu. Nimesikia tu."

Alisimama, akachukua gambuti zake chini ya meza na sufuria moja kutoka kwa mpishi. Mlangoni akageuka. "Mwalimu wa Kiswahili, huna somo sasa. Twende."

Bondeni hapakuwa na mtu. Rundo la mifupa lilikuwa palepale, na ilikuwa buluu kweli, nasema kweli, buluu ambayo sijaiona tena kwenye kitu kilichotoka ardhini. Mimi nilisimama mbali kidogo. Yeye alichuchumaa, akaokota mfupa mmoja, akaukwaruza kwa ukucha. Ule ubuluu ulitoka kama chaki.

"Laini sana," alisema. "Sasa nataka ule ambao haujaona jua."

Akashuka shimoni, akaingiza mikono topeni mpaka kwenye viwiko, akapapasa, akavuta. Ulikuwa mfupa mfupi, mnene, umefunikwa kitu cheupe chenye kijivu kidogo. Akauweka kwenye jani la mgomba. Tukakaa kuutazama kama watu wanaongojea maziwa yachemke. Mwanzoni sikuona chochote. Kisha nikaona kwamba weupe haukuwa weupe tena. Rangi ilipanda polepole, pembeni kwanza, halafu katikati.

Mwalimu alianza kutabasamu. Tabasamu lile lilinitisha kuliko mifupa.

"Nilikiona kitu hiki mara moja tu maishani," alisema, "nikiwa chuo kikuu. Kilikuwa ndani ya kisanduku cheusi, na tulikatazwa kukifungua kwa sababu mwanga unakibadilisha. Nililala nikikiwaza. Na kumbe kiko hapa, chini ya shule yangu!" Halafu tabasamu likaondoka. "Lakini bado sijapima. Na huyu mama ana usiku mmoja tu."

Jioni ile alipima, mbele ya kidato cha nne. Alikwangua unga kidogo, akauyeyusha kwenye asidi, akaongeza kemikali fulani, akapasha moto taratibu. Chini ya bomba la kioo yakajikusanya mashapo ya njano. Darasa likapiga makofi, kwa sababu walijua njano ile maana yake ni fosfati. Akafanya jaribio la pili, la chuma, nalo likajibu.

Baadaye, kwenye meza yake, huku akinimiminia chai, alinieleza mimi ambaye kemia ilinishinda zamani. Madini yale huitwa vivianaiti. Ni nadra, kwa sababu yanataka mambo yakutane ambayo hayakutani kirahisi. Lazima kuwe na fosfati, na mfupa na meno vimejaa fosfati. Lazima kuwe na chuma, na maji ya kinamasi chetu yalikuwa na chuma tele. Ndiyo maana yaliacha utando mwekundu kwenye mawe. Na lazima hewa isifike.

"Hapo ndipo penye siri," alisema. "Chuma kikipata hewa kinashika kutu, na kutu haiwezi kufanya kazi hii. Lakini chini kule, kwenye tope lililooza, hewa imekwisha. Chuma kinatembea ndani ya maji kimya kimya, kinakuta mfupa, kinashikana na fosfati, vinajenga fuwele pamoja. Miaka na miaka. Muda wote huo fuwele hizo hazina rangi. Wewe ukizitoa, hewa na mwanga vinakigusa kile chuma, kinapoteza kitu kidogo sana, kidogo hata sijui nikuambieje, na hapo ndipo buluu inapozaliwa."

"Kwa hiyo si uchawi."

"Si uchawi. Lakini sijui mifupa ni ya nani, na kemia haiwezi kuniambia. Wakiniuliza hilo, nitasema nini?"

Akavaa kitenge akatoka. Mahali alipokwenda ni kwa mzee mmoja jirani, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu ujana wake. Alirudi upesi, akapita mlangoni kwangu na kusema maneno mawili tu: "Ng'ombe. Lala."

Siku ya pili, mchana, bonde lilijaa watu. Magokoro alikuwa ameshapelekwa shuleni asubuhi na mapema, amekaa na mpishi. Naibu wa chifu alikuja, pamoja na askari wa utawala aliyetoka Ukambani. Mwalimu alizungumza Kigusii, na mambo ya msingi akayarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu na ya askari yule. Hakuwaambia wamekosea. Hakutaja hata neno kemia.

"Mmeona jambo la kutisha," alianza. "Mimi pia nimeliona, na niliogopa. Sasa nawaomba kitu kimoja. Bibi hayupo hapa. Yuko huko juu, na hawezi kutuona. Ombati achimbe tena, achimbe mahali anapotaka mwenyewe, hata kwenye ardhi ya shule. Halafu tutazame pamoja."

Ombati alikuwa na macho mekundu, hakuwa amelala. "Na mifupa ikigeuka, Mwalimu?"

"Ikigeuka bila yeye, basi si yeye."

"Na isipogeuka?"

"Basi mtaniuliza mimi."

Mwalimu aliingiza mikono mifukoni mwa koti. Kila mtu pale alijua anachoweka rehani, kwa sababu anayemtetea mrogi huitwa mrogi pia.

Ombati alivuka mfereji akaenda upande wa shule, mbali na mpaka wa bibi, akachimba. Shimo la kwanza halikutoa kitu ila mizizi. Watu wakaanza kunong'ona. Akasogea, akachimba tena, tope tupu. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Anatupotezea wakati!" na wengine wakaitikia. Mwalimu aliendelea kulitazama jembe. Nilikuwa karibu naye, na nilisikia pumzi yake.

Kisha jembe likagonga. Ombati akainama, akavuta taya refu lenye meno bado, limefunikwa weupe ule. Akalitazama kama mtu aliyeshika nyoka. Mwalimu akalipokea, akaligonga kwenye jiwe, likavunjika vipande viwili. Kimoja akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji meusi ya kinamasi, akakizika kwa tope, akafunika. Kingine akakiweka juani juu ya jani la mgomba.

"Sasa tungoje."

Mtoto alikohoa, mama yake akamziba mdomo. Jua lilikuwa kali. Watu wa nyuma walisukuma kuja mbele, wa mbele wakarudi nyuma. Rangi ilipoanza, mwanamke mmoja alisema "Obe!" kwa sauti ndogo ya mshangao, na ikaendelea kupanda, kijani, kisha buluu, mchana kweupe, na Magokoro yuko shuleni akichambua mboga.

Mwalimu akafunua sufuria, akaosha kipande cha pili. Kilikuwa cheupe kama kilivyozaliwa. Akakiweka kando ya mwenzake.

"Huyu ameona jua, na huyu hajaona. Ni ndugu, taya moja. Ni chuma cha maji yetu na mfupa. Kama jembe linavyoshika kutu ukiliacha nje. Hili taya, kutu yake ni ya buluu. Mfupa wenyewe tazameni meno. Mtu gani ana meno kama haya?"

Hapo yule mzee mchungaji akajitokeza na fimbo yake. "Hao ni ng'ombe wa mzungu," alisema. "Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliwaua kama nzi. Tuliwavuta kwa trekta tukawatupa hapa. Mimi mwenyewe nilifunga kamba."

"Mbona hukusema jana?" Ombati alimuuliza.

"Jana mlikuwa mnapiga kelele. Na mimi ng'ombe niliowatupa hawakuwa buluu."

Mtu alicheka, halafu wengi wakacheka, kile kicheko cha watu ambao hofu inawatoka. Lakini Ombati hakucheka. Alisogea karibu na Mwalimu, akazungumza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, labda ili wengine wasisikie vizuri.

"Na mtoto wangu?"

"Yuko hospitali?"

"Yuko. Wamesema ni malaria. Wamemwekea maji."

"Leo amekula?"

"Mama yake amesema amekula uji kidogo." Akafuta uso kwa kiganja chenye tope. "Ameulizia kaka yake."

"Basi nenda ukakae naye, mwanangu," Mwalimu alisema. "Hapa umeshamaliza."

Akaenda, moja kwa moja, bila kurudi nyumbani kubadilisha nguo zenye tope. Mtoto alipona. Wiki chache baadaye Ombati alimtengenezea bibi ua mpya kwenye mpaka, mzuri kuliko wa kwanza, na bibi alisimama pale muda wote akimgombeza kwamba nguzo zimepinda. Mimi niliwasikia kutoka shuleni na nilifurahi sana kusikia ugomvi ule.

Si wote walioridhika. Wako waliosema kwamba Mwalimu ni mrogi mkubwa kuliko bibi, ndiyo maana mifupa ilimtii. Alipoletewa maneno hayo alicheka mpaka akafuta machozi. "Afadhali waniogope mimi. Mimi nina mlango wa chuma."

Ombati mwenyewe alikuja siku moja kuuliza kama kitu kile kinaweza kuuzwa, kama dhahabu. Mwalimu alimketisha mezani, akampa chai, akamwonyesha. Kinakwaruzwa kwa ukucha, kwa hiyo hakifai pete. Kikikaa sana kwenye mwanga kinazidi kuwa cheusi na kupasuka. Ukikisaga unapata rangi, lakini kidogo, na ya kufifia.

"Sasa kina faida gani?" Ombati aliuliza.

Mwalimu alikigeuza kipande mkononi. "Ni kizuri," alisema. "Na kimekuwa pale gizani siku zote, na hakuna aliyekijua isipokuwa sisi. Mimi inanitosha."

Ombati alimtazama kwa huruma, akamaliza chai yake.

Usiniulize kama furaha ile ilimwondoka. Kwa muda mrefu alishuka bondeni Jumamosi baada ya kanisa, akarudi na magoti yenye tope, anaimba tenzi kwa sauti mbaya. Kidato cha kwanza wote walipelekwa kuona. Mwanafunzi aliyejibu vizuri aliruhusiwa kufukua kipande mwenyewe na kukitazama kikibadilika, na wapo watu wazima leo, wakulima wa chai na makarani, ambao wakinikuta mjini Kisii wanaanza na hilo kabla ya kunijulia hali.

Alistaafu, akaenda kuishi upande wa Nyamache, kwenye shamba lake dogo la chai. Mimi nilihamishiwa shule nyingine. Tukaandikiana kadi za sikukuu, kisha hata hizo zikakoma, bila ugomvi, kama inavyokuwa.

Mara ya mwisho nilimwona siku ya soko, Nyamache, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Nilikuwa nimepita kutafuta kitambaa kwenye duka la Mhindi mmoja aliyekuwa amefungua tawi pale, na muuzaji alikuwa akinipimia, niliposikia vyerehani vikilia nyumba ya pili. Palikuwa na darasa la ushonaji, wasichana waliomaliza shule, wamejipanga kwenye mabenchi. Nilichungulia tu kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa kwenye benchi la nyuma. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa, miwani imeshuka puani, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Mguu ulikuwa ukikanyaga pedali kwa woga. Aliyefundisha ni msichana mdogo kuliko hata wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, amevaa futi shingoni. Akapita kati ya mabenchi, akasimama nyuma yake, akaokota kitambaa.

"Mama, mshono umepinda tena. Fumua."

"Wote?"

"Wote. Kutoka hapa mpaka mwisho."

Nilingoja. Nilimjua mtu huyu. Nilingoja aulize swali lake, ajitetee, ageuze kitambaa kwenye mwanga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua wembe, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, na usoni mwake mlikuwa na furaha tupu.

Nikaingia nikachuchumaa kando yake. "Mwalimu."

Aliinua macho, akanitambua, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Machozi yalimlengalenga, na mimi pia.

"Unashona nini?" nilimuuliza.

"Sijui bado. Kwanza nataka mstari unyooke. Nimeharibu vitambaa, ungeviona! Jana nilishona mkono wa gauni ukafungwa pande zote mbili." Alicheka kwa siri, kifua kikitikisika. "Sijawahi kuwa mbaya hivi kwa kitu chochote tangu nizaliwe."

"Na huchoki?"

"Nichoke vipi? Kila siku nakuja sijui, na narudi nyumbani nimejua kidogo." Akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi aliyoiacha. "Keti, keti hapa. Lakini usiongee kwa sauti. Mwalimu wetu ni mkali, atatutoa nje."

Nikaketi.